Mbona Picha Inajikunja? Maswali Yenu Kuhusu Kolaji ya Leso na Karatasi

Tangu tuchapishe mfano wa picha iliyojengwa kwa vipande vya leso (kanga), marekani (kitambaa cha pamba kisicho na rangi) iliyopakwa rangi na karatasi za aina mbalimbali, barua zimekuwa zikimiminika, nyingi zikitoka Mombasa na vitongoji vyake. Tumechagua zinazogusa matatizo ya wengi. Kwa aliyekosa toleo lile: kolaji ni picha inayopatikana kwa kubandika vipande tabaka juu ya tabaka, na brashi hupita hapa na pale tu. Ukizichimba barua hizi, karibu zote zina chanzo kimoja, nacho ni maji: yaliyozidi kwenye gundi, yasiyokauka baina ya tabaka, au yaliyomo kwenye hewa ya pwani.

*Nilibandika leso na karatasi juu ya katoni ngumu. Asubuhi nikaikuta pembe zote zimeinuka. Nikaikandamiza kwa matofali siku mbili ikanyooka, nilipoyaondoa ikajikunja tena. Je, gundi yangu ni mbovu?* (Mama watatu, Likoni)

Gundi yako haina kosa, mama. Karatasi ikilowa hutanuka, ikikauka husinyaa. Umelowesha upande mmoja tu, nao ulipokuwa ukikauka ukaivuta katoni kwake. Matofali yalizuia matokeo lakini mvuto ule haukwenda popote, ndiyo maana ulipoyaondoa ukarudi palepale.

Dawa ni kusawazisha nyuma na mbele. Siku ileile unayobandika tabaka la kwanza mbele, bandika nyuma karatasi ya uzito unaokaribiana, kwa gundi ileile, nayo ifunike nyuma yote. Angalia pia nyuzi za karatasi zinakoelekea. Shika karatasi uipinde taratibu bila kuivunja, kwanza kwa urefu, kisha kwa upana. Mstari wa mpindo ulio rahisi zaidi ndio unaofuata nyuzi zinakolala. Nyuzi za karatasi ya nyuma zielekee sawa na za mbele, la sivyo zitavutana kimshazari na ubao utajipinda pembe mbili tu, na huo ni mpindo mbaya zaidi kuunyoosha.

Hata hivyo, katoni yenye mawimbi ndani tungekushauri uiachie mazoezi. Hunywa unyevu wa hewani mwaka mzima, na baada ya muda huwa kahawia na kukatika. Kwa picha unayotaka idumu, nunua plaiwudi ya milimita 6. Ikivuka sentimita 60 upande wowote, mwambie seremala aigongomee fremu ya mbao nyuma. Ipake rangi nyeupe ya maji ya ukutani mikono miwili, mbele, nyuma na kwenye kingo. Mkono wa kwanza uwe umezimuliwa, sehemu 4 za rangi kwa 1 ya maji, upate kuingia ndani ya mbao. Kingo wengi huzisahau, na huko ndiko maji huingilia. Pia mbao tupu hutoa doa la kahawia linalopenya hadi kwenye karatasi nyeupe ya juu. Usitumie rangi ya mafuta kwa kazi hii, kwani gundi ya maji haishiki juu yake.

Baina ya mikono ya rangi acha saa nne wakati wa kaskazi. Masika, acha ilale.

*Mimi ni fundi cherehani, vipande vya leso ninavyo tele. Lakini nikivikata vinachanika nyuzi, na leso nyekundu ilichuja rangi ikaharibu karatasi yote ya chini. Nimeambiwa niitie chumvi na siki. Ni kweli?* (Fundi wa Majengo)

Fundi, chumvi na siki haziifungi rangi ya leso iliyokwisha kuchapwa kwenye pamba. Inayosaidia ni kuifua mpaka ile rangi ya ziada itoke. Leso mpya hutoka kiwandani na ukakamavu wa kanji, nao huizuia gundi isiingie kwenye nyuzi. Iloweke kwenye maji ya vuguvugu yenye sabuni usiku mmoja, isuuze, urudie mpaka maji yatoke meupe. Kisha ijaribu: lowesha pamba nyeupe, igandamize juu ya sehemu nyekundu kwa dakika moja. Pamba ikitoka safi, endelea. Ikitoka na uwekundu hata baada ya kufua mara nne, usiipeleke karibu na gundi ya maji kabisa. Leso hiyo ibandike kwa joto: kitambaa chenye gundi kile unachokibandika kwa pasi ndani ya kola kipo pia cha aina yenye gundi pande zote mbili. Kikate sawa na kipande chako, kiweke katikati, funika kwa karatasi ya kuokea, gandamiza pasi ya joto la wastani sekunde 10 hadi 15, uinue, usogee. Usiiburute pasi, kipande kitahama.

Ama kuchanika nyuzi, kosa ni kukata kabla ya kukakamaza. Tandika nailoni mezani, lalisha leso uso chini, pitisha brashi yenye gundi nyeupe iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji. Iache ikauke hapohapo kwenye nailoni, kisha ibandue. Sasa utaikata kwa mkasi au wembe kama karatasi. Kwa njia hii hata herufi za jina la leso, yaani maandishi yake, unaweza kuzitoa moja moja. Acha ukingo wa milimita 2 kuzunguka kila herufi. Nyembe ziwe kali na uzibadilishe mara kwa mara, kwa kuwa gundi huzifanya butu upesi.

Na kwa kuwa cherehani unayo, itumie. Mshono juu ya kolaji hushika tabaka na huchora mstari ambao brashi haiwezi kuuiga. Tia sindano namba 90 au 100, urefu wa mshono uwe milimita 3.5 hadi 4. Mshono mfupi huitoboatoboa karatasi mpaka ikatike kwenye mstari wa sindano. Ngoja gundi ikauke siku nzima kwanza. Sindano ikipita kwenye gundi mbichi hunata, uzi hukatika na mishono hurukwa. Sindano iliyoshona karatasi usiirudishe kwenye nguo ya mteja.

*Napaka marekani rangi ya akriliki lakini inakuwa ngumu, bapa, haina uhai. Nifanyeje ipate michirizi na vivuli kama nilivyoona kwenye picha yenu?* (Kijana wa Tudor)

Unapaka rangi nzito kwenye kitambaa kikavu. Geuza yote mawili, kisha uliachie jua kazi iliyobaki.

Fua marekani uitoe kanji. Iloweshe, ikamue, itandaze juu ya nailoni iliyolazwa kwenye ubao au bati. Usiitandaze juu ya gazeti au mkeka, vitanyonya rangi kwa chini. Zimua akriliki: sehemu 1 ya rangi kwa 2 za maji, iwe nyepesi kama maziwa. Ipake kwa brashi pana, rangi mbili au tatu zikikutana zenyewe. Samawati, zambarau na kijani kizito hutoa matokeo mazuri kuliko njano, kwa sababu tofauti ya giza na mwanga huonekana.

Kitambaa kikiwa bado kinang'aa kwa maji, lalisha juu yake majani: vitawi vya mwarobaini, jani la mpapai, vipande vya kuti. Hata wavu wa samaki wa zamani hufaa sana. Vigandamize vishike vizuri, kisha upeleke ubao wote juani, kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana. Palipo wazi hukauka kwanza, na panapokauka hunyonya maji yenye rangi kutoka chini ya jani. Ukiondoa jani utakuta umbo lake limebaki jeupe-jeupe, mishipa na yote, na pembeni rangi imekolea. Mwanga wenyewe hauchomi chochote hapa, kinachohitajika ni kukauka kusiko sawa. Ndiyo maana siku ya mawingu na unyevu mwingi, kitambaa kikikauka pole pole kila mahali kwa pamoja, hupati kitu.

Yanayoharibu kazi hii ni matatu. La kwanza ni upepo: jani likiinuka hata kidogo, hewa huingia chini na umbo hufifia, kwa hiyo weka vijiwe au pini. La pili ni jani nene lililojikunja. Lilaze ndani ya kitabu usiku mmoja kwanza. La tatu ni haraka: ukiliondoa jani kabla chini hapajakauka, rangi hurudi kujaza nafasi. Jua kali likiwepo, dakika 40 mpaka saa moja hutosha, lakini gusa kwa nyuma kuhakikisha.

Kama hutaki umbo la jani, ukikunje kitambaa kilicholowa rangi mikunjo-mikunjo kwa vidole na ukiache juani hivyo hivyo. Vilele vya mikunjo hukauka kwanza, huko ndiko rangi itakakokimbilia, nawe utapata mistari inayofanana na jiwe la matumbawe au maji ya kina kifupi. Paka mita moja kwa siku moja, kisha kata unavyohitaji kwa miezi. Kazi ya kolaji huwa nyepesi sana ukiwa na sanduku lililojaa kabla hujaanza.

*Nina darasa la wanafunzi 40, bajeti ndogo. Nataka kila mmoja apake karatasi yake mwenyewe ya kukatia. Kuna njia rahisi?* (Mwalimu, Kisauni)

Mwalimu, tumia uji wa kanji ya muhogo. Kila mwanafunzi atahitaji robo kikombe, kwa hiyo darasa lote ni lita mbili na nusu. Pima kikombe kimoja na robo cha kanji, ikoroge kwanza kwenye nusu lita ya maji *baridi* mpaka isiwe na madonge. Chemsha lita mbili zilizobaki, mimina kanji huku ukikoroga, punguza moto. Ikigeuka kutoka weupe kuwa ya kupitisha mwanga, imeiva, epua. Ukiimimina kanji kavu ndani ya maji moto utapata madonge yasiyoyeyuka daima, na wanafunzi 40 watakuuliza ni nini hayo. Ikipoa, tia matone sita au saba ya mafuta ya karafuu kwa mchanganyiko wote, yanachelewesha kuvu na kuchacha. Bila hayo, kwa joto letu, uji wa asubuhi utaanza kunuka kesho yake.

Kila robo kikombe cha uji, tia kijiko kimoja cha mezani cha rangi. Akriliki si lazima. Rangi za maji za shule, au zile chupa ndogo za rangi kali za kuchanganyia rangi ya ukuta, zinatosha. Hizo kali tia nusu kijiko tu. Karatasi ya manila futa kwanza kwa sponji yenye maji pande zote mbili, uilaze bapa, ndipo upake uji. Kisha waache wachore kwa vitana, uma, au kadi za zamani za plastiki zilizokatwa meno. Mistari ikijifunga yenyewe, uji ni mwepesi, urudishe motoni. Ikikauka na kubanduka magamba, umepakwa mnene mno.

Anika kwenye kamba kwa vibanio. Karatasi hizi zina chakula ndani yake, na mende wanalijua hilo. Zihifadhi kwenye chombo chenye kifuniko, na zikishabandikwa zipakwe gundi nyepesi juu.

Wengine wanafundisha uchapaji kwa bamba la jelatini: vijiko viwili vya mezani kwa kila kikombe cha maji, unaigandisha kwenye trei. Ni njia nzuri sana, ila hapa Mombasa, darasani, bila friji, kufika saa sita bamba limelegea na kuchanika. Fanyeni nyumbani alfajiri, na anayejali atafute jelatini ya halali.

*Karatasi nyepesi za kufungia zawadi zinanipa mapovu na mikunjo, na gundi ikikauka inabaki na ukungu mweupe. Natumia gundi nyeupe ya maseremala.* (Msomaji wa Nyali)

Paka gundi kwenye ubao, usipake kwenye karatasi. Uzito wake uwe sehemu 3 za gundi kwa 1 ya maji. Ikiwa nyepesi zaidi ya hapo karatasi hutanuka kabla haijashika. Ishike karatasi kwa pembe mbili zilizokabiliana, igusishe katikati kwanza, kisha uiachie pande zote ziteremke, ufukuze hewa kutoka katikati kwenda nje kwa brashi laini iliyokauka. Povu lililobaki litoboe kwa pini upande mmoja, uligandamize. Mikunjo midogo ya karatasi hizo usiipige vita yote. Ukipitisha juu yake rangi nyepesi kisha ukaifuta kwa kitambaa, rangi hubaki kwenye mikunjo na kutoa kivuli kizuri.

Ukungu mweupe ni maji yaliyonaswa. Gundi hii huwa nyeupe ikiwa na maji na huangaza ikiyatoa. Ukipaka tabaka la pili kabla la kwanza halijaangaza, umeyafungia ndani. Iache kwenye upepo wa feni, si mashine ya kukaushia nywele: joto lake hukausha ngozi ya juu na kuchemsha mapovu chini. Jambo jingine, karatasi za zawadi zilizo nyingi huchuja rangi, na rangi hiyo hupauka juani. Nunua nyeupe uzipake rangi mwenyewe.

*Picha yangu ya mwaka jana ilitoka vidoa vyeusi na harufu mwezi wa Mei. Naweza kuifuta kwa spiriti?* (Changamwe)

Usithubutu. Spiriti huyeyusha akriliki, utaondoka na rangi pamoja na kuvu. Itoe nje kivulini penye upepo, funga pua na mdomo, siku mbili tatu mpaka ikauke kabisa. Kuvu kavu ifagie kwa brashi laini kuelekea nje ya picha, usiisugue. Doa litakalobaki lifunike kwa kipande kipya. Hiyo ndiyo raha ya kolaji. Kisha tafuta sababu: ama ulifunika kazi kabla haijakauka, ama ulitumia gundi ya unga wa ngano bila kuitia karafuu, ama imegusa ukuta wenye unyevu. La mwisho tumelijibu chini.

*Nimejaribu kutengeneza picha ya Mji wa Kale: roshani, milango ya nakshi, watu, paka, bahari. Kila kipande peke yake ni kizuri, lakini picha nzima ni fujo. Macho hayajui yatulie wapi.* (Mzizima Road)

Barua hii ilikuja na picha, nasi tukaigeuza kwenye simu iwe nyeusi na nyeupe. Ikawa kijivu kimoja kuanzia juu hadi chini. Hapo ndipo penye kasoro: una rangi nyingi lakini una kiwango kimoja tu cha giza na mwanga. Leso zenye maua mekundu, kijani na samawati zote hukaa katikati zikishaondolewa rangi.

Anza upya kwa kupanga sanduku lako mafungu matatu, ukitumia simu hiyo hiyo kuamua: vyeupe na vyepesi, vya kati, na vizito, yaani vya giza. Amua fungu moja litawale, lichukue zaidi ya nusu ya picha. Kwa mtaa mwembamba wa Mji wa Kale, tungechagua uzito utawale, kuta mbili za kivuli pembeni, na mwanga upenye katikati kama ufa. Mwanga huo uwe karatasi tupu iliyopakwa njano hafifu au chokaa, bila uchapaji wowote. Jicho litakimbilia hapo, na karibu na hapo ndipo uweke mlango wako wa nakshi, mmoja.

Kuhusu tabaka, jenga kutoka mbali kuja karibu. Chini kabisa weka karatasi pana zilizochanwa kwa mkono, si kukatwa, zikiacha ukingo wenye manyoya-manyoya. Hizo ni mbingu, ukuta, ardhi. Usihangaike na umbo. Tabaka la pili ni marekani iliyopakwa rangi, kwa vipande vikubwa vinavyofunika theluthi mbili ya zile karatasi. Halafu pitisha rangi nyepesi, sehemu 1 ya rangi kwa 5 za maji, juu ya vyote viwili, ufute nusu yake kwa kitambaa. Mkono huu mmoja wa rangi ndio unaovifanya vitu vilivyotoka sehemu mbalimbali vionekane vya nyumba moja. Ukiuruka, picha itabaki mkusanyiko wa vipande. Leso zije tabaka la tatu, na kwa uchache. Maua makubwa ya mji wa leso, yaani sehemu yake ya katikati, hula picha nzima, kwa hiyo tumia zaidi pindo: ukanda wa pindo ukiusimamisha wima ni nguzo ya roshani, ukiulaza ni kingo ya barabara. Leso inayopiga kelele igeuze nyuma; rangi huwa imefifia upande huo. Mwisho kabisa ni vipande vidogo vya makali: nyaya za umeme, misumari ya shaba ya mlango, maandishi, na yule paka kama humwachi.

Usibandike chochote mpaka umepanga vyote vikavu, ukapiga picha, ukavitia namba kwa penseli nyuma. Kisha vitoe vyote, uanze kubandika namba moja. Ukibandika huku ukipanga, feni ikipuliza mara moja tu, umepoteza asubuhi nzima.

Na kama unatumia karatasi zenye maandishi ya Kiarabu, hakikisha umezisoma au umempa anayejua azisome kabla ya kuchana. Kurasa za zamani mara nyingi huwa na aya za Kurani.

*Nataka kutia picha ya marehemu babu na jahazi lake ndani ya kolaji, na jina la jahazi lisomeke. Ya asili ni moja tu.* (Bandari ya Kale)

Ya asili usiiguse. Ipeleke ikatolewe kopi kwenye mashine ya fotokopi au printa ya leza, kwa sababu unga wake hauchuji ukilowa. Printa za wino za nyumbani huchuja mara moja.

Ukitaka picha ikae juu ya kitambaa bila karatasi yake, mwambie mwenye duka aigeuze kioo, kushoto iwe kulia, kabla ya kuitoa. Usipofanya hivyo jina la jahazi litasomeka kinyume. Paka mediamu nzito ya akriliki (akriliki isiyotiwa rangi) juu ya uso wa kopi na juu ya kitambaa pia, zibandike uso kwa uso, fukuza hewa, uache usiku mzima. Kesho lowesha mgongo wa karatasi kwa sponji, ngoja dakika tano, usugue kwa ncha za vidole kwa mizunguko midogo. Karatasi itatoka vijiviringo-vijiviringo. Ikikauka itaonekana imepauka tena: ni nyuzi zilizobaki. Lowesha, sugua, mara ya pili na ya tatu, kila mara kwa wepesi zaidi. Wanaoharibu ni wanaotaka kumaliza kwa mara moja. Kidole hupita hadi kwenye unga na uso wa babu hutoboka. Gundi nyeupe ya kawaida haifai hapa, hulegea ikilowa.

*Nilipaka vanishi, mpaka leo inanata. Na ukuta wetu ni wa mawe na chokaa, kila kitu kinaota doa.* (Kibokoni)

Vanishi ya mbao ya mafuta haifai juu ya kolaji, kwani hugeuka manjano na karatasi huinywa ikawa na mabaka. Tumia ya akriliki, isiyong'aa sana, mikono miwili myembamba. Lakini jua kwamba akriliki haiwi ngumu kama kioo. Kwenye joto la pwani hubaki laini kidogo, na mkono mnene hunata kwa wiki kadhaa. Kama yako ni ya akriliki, iache wima penye upepo mwezi mmoja. Ikiendelea, pitisha unga laini wa talki kwa brashi, uufute wote.

Ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa hupumua unyevu na chumvi. Picha isiuguse. Gundisha vipande vinne vya mpira au kizibo, unene wa sentimita moja, kwenye pembe za nyuma, hewa ipite. Ukiitia kwenye fremu ya kioo, mwambie fundi aweke kijiti chembamba cha kutenganisha kioo na uso wa picha, kwa sababu vikigusana vitashikamana na hutaweza kuvitenganisha bila kuchana. Jua la dirishani nalo hupausha leso upesi kuliko marekani uliyoipaka akriliki.

*Supaglu je?* (Mtwapa)

Kwa shanga, kombe na sarafu, tone moja. Kwa kitambaa, hapana: hupenya, hukauka ngumu na kuacha doa jeusi-jeusi, na kwenye pamba huweza kupata moto ghafla hadi kutoa moshi.

*Mteja ni mgeni, anasafiri kwa ndege, anataka kolaji isiyo kwenye ubao aikunje ndani ya sanduku.* (Diani)

Asiikunje, aizungushe, tena ikiwa imejengwa juu ya kanvasi au marekani nzito na imekaa angalau wiki mbili tangu vanishi. Weka karatasi ya kuokea juu ya uso wote, si nailoni, maana nailoni hushikamana na akriliki kwenye joto la sandukuni. Uizungushie bomba la kadibodi lenye kipenyo cha sentimita 10 au zaidi, uso ukiwa *nje*. Uso ukiwa ndani tabaka hubanana, hukunjamana na kubanduka. Ukiwa nje hunyooka tu, nao ukifunguliwa hurudi mahali pake. Mwambie aifungue siku anayofika.